Mayai ya notho wa Unguja: yamelowekwa wiki ya 9, walioanguliwa ni 7 tu

shanga_za_maji (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Naomba macho ya wazoefu hapa.

Samaki ni Nothobranchius guentheri (notho kwa kifupi), madume 2 na majike 3, tangi la lita 40, filta ya sponji, maji nyuzi 28 hadi 29 mchana. Chakula ni viluwiluwi vya mbu na nyungunyungu wa kukatakata. Wanatagia kwenye kibakuli cha kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi). Kokopiti ilikaa tangini wiki 3, nikaitoa, nikaiminya kwa mkono, nikaifungia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nikaliweka kabatini. Wiki ya 9 nikaimwagia maji ya bomba yaliyolala ndooni siku moja, kina sentimita 12, joto lile lile la chumbani.

Leo siku ya pili. Vifaranga ni 7, na 4 kati yao hawaogelei, wanajiburuta chini kwa tumbo. Ndani ya kokopiti bado naona mayai mengi: mengine meupe kama chokaa, mengine angavu kama shanga za kioo. Haya angavu ni mazima? Niyaache majini au niyatoe? Na hao wanaojiburuta wana dawa?

fundi_kidimbwi

Meupe yamekufa. Angavu ni mazima, usiyamwage, ndiyo mali iliyobaki. Wanaojiburuta hawana dawa, nitaeleza chini.

Tuanze na samaki mwenyewe maana majibu yote yanatoka hapo. Guentheri ni wa Unguja, wa vidimbwi vinavyojaa kwa mvua na kukauka kiangazi. Maji yakiisha wakubwa wote wanakufa. Kinachobaki ni mayai ndani ya tope. Sasa fikiria mvua inyeshe siku mbili, kidimbwi kijae, halafu jua lirudi wiki tatu. Kama mayai yote yangeanguliwa siku ile, ukoo mzima ungeishia hapo. Ndiyo maana mayai ya jike mmoja, hata yaliyotagwa siku moja, hayaendi mwendo mmoja. Mengine yanakua moja kwa moja, mengine yanasimama kwa wiki au miezi. Kusimama huko ndiko diapauzi, na vituo vyake ni vitatu: mwanzo kabisa kabla kiinitete hakijajipanga, katikati pale mgongo na moyo vimeshaanza, na mwisho kiinitete kikiwa kamili kinangoja maji tu.

Shanga zako za kioo zimesimama kituo cha kwanza, au ni za karibuni. Kituo cha kwanza yai linakwama hasa likikosa hewa. Hapo naingia kwenye kopo lako: uliminya kwa mkono ukafungia moja kwa moja? Na ulipofungua, chini ya mfuniko kulikuwa na matone?

Makosa ninayoyaona kwa maelezo yako tu:

Wiki 3 tangini ni nyingi. Yai la siku ya 1 na la siku ya 21 yako kopo moja, kwa hiyo hata bila diapauzi umepishanisha umri kwa wiki tatu. Toa kokopiti kila wiki, ikizidi sana wiki mbili.

Ulifuata kalenda badala ya yai. "Wiki 8 hadi 12" inayozunguka mitandaoni ni makadirio ya nyuzi 24 hivi. Kabati la Dar lenye nyuzi 29 linayaharakisha yale yasiyosimama, na huenda hao 7 walikuwa tayari tangu wiki ya 6 wakakaa ndani ya yai wakila akiba yao ya kiini. Nunua lenzi ya kukuzia ya mara 10. Kuanzia wiki ya 5 toa mayai kumi kila wiki uyaangalie juu ya mwanga wa tochi. Lililo tayari lina kiinitete kilichojikunja kikajaza yai zima, na macho mawili makubwa yenye duara la dhahabu kuzunguka mboni. Ukiona nusu ya mayai yana macho hayo, lowesha. Ukiona shanga tupu, funga urudi baada ya wiki mbili.

Maji yalikuwa ya moto. Mvua ya kwanza haina nyuzi 29. Lowesha kwa maji ya nyuzi 18 hadi 20, weka chupa ya barafu ndani ya ndoo mpaka kipimajoto kikubali. Baada ya hapo yaache yapande yenyewe polepole kufikia joto la chumba. Wengi huanguliwa ndani ya saa 24.

Na kina. Sentimita 12 kwa kifaranga cha milimita chache ni kisima. Anatakiwa apande juu ajaze bondo lake hewa mapema, akishindwa ndiyo huyo anayejiburuta maisha yake yote. Weka sentimita 4 hadi 6, trei pana, na ukiona utando wa mafuta juu upitishie kipande cha gazeti uuondoe. Kuna sababu nyingine mbili za kujiburuta: kiinitete kilicholoweshwa kabla ya wakati, na kilichochelewa mpaka kiini kikaisha hana nguvu. Wote hao watakula wakiwekewa chakula mbele ya mdomo lakini usiwafuge, wala usiwatagishe.

La kufanya leo: vua wazima kwa kijiko, si kwa wavu. Subiri mpaka kesho asubuhi kama kuna wa kuchelewa. Kisha mimina kokopiti kwenye kitambaa, iminye, ikaushe vizuri safari hii, funga tena. Kagua baada ya wiki 3.

usumba_na_mawimbi (Jambiani)

Nakubaliana na fundi, naongeza kuhusu hiyo kokopiti kwa sababu wengi wanaiona ni kitu kimoja na siyo.

Kokopiti ya matofali ya wauza miche ni vumbi la makumbi ya nazi. Ile isiyotiwa mbolea ndiyo inafaa. Soma karatasi yake, ikitajwa mbolea iache. Makumbi ya kwetu pwani yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi ili usumba ulainike kwa kusokota kamba, kwa hiyo vumbi lake lina chumvi nyingi. Linatumika, ila chemsha dakika 30, mwaga, suuza, chemsha tena, na suuza mpaka maji yawe rangi ya chai nyepesi. Kuchemsha kunalifanya pia lizame badala ya kuelea. Nyuzi ndefu zitoe zote kwa chekeche, mayai yanang'ang'ania humo usiyaone.

Piti yenyewe, ile mboji ya mimea ya kinamasi ya Ulaya, ni bora kwa jambo moja: ina tindikali, na kuvu hawaipendi. Kokopiti haina tindikali kiasi hicho, ndiyo maana mayai meupe yakipata kuvu unaenea kwa jirani. Kama huna piti, usafi ndio utakusaidia. Suuza kokopiti yenye mayai kwenye wavu mwembamba kabla ya kuikausha, kinyesi na mabaki ya chakula yatoke. Usiogope kuminya, ganda la yai lililopita siku moja ni gumu, linahimili kiganja. Ni yale ya leo tu yanayopasuka, basi watoe wakubwa kwenye kibakuli jana yake.

Ukavu ndipo watu wote wanapokosea. Baada ya kuminya, itandaze juu ya gazeti kivulini saa 12 hadi 24, igeuze mara mbili tatu. Kipimo ni chicha. Siyo chicha ya tui la kwanza, ile iliyokamuliwa mara ya pili: ukiibana kiganjani inashikana lakini hakitoki hata tone, ukiigusa kwa kidole inamong'onyoka. Ikitoa tone ni mbichi. Ikipeperuka kama vumbi umeikausha kupita kiasi na mayai yatabonyea. Yaliyobonyea kidogo unayarudishia kwa kunyunyiza maji leo leo, kesho umechelewa.

Fungia kwenye mfuko wenye hewa nusu nzima, usiubane. Fungua dakika moja kila wiki hewa ibadilike. Juu andika jina la samaki, mahali ukoo ulipotoka, tarehe ya kutoa majini na joto la chumba. Hilo la mahali msilipuuze. Notho wa bwawa hili na wa bwawa lile wanaweza kufanana machoni na wasiwe ukoo mmoja, mkiwachanganya tangini hakuna wa kuwatenganisha tena. Na wa tangini wasimwagwe kidimbwini, hata kile walichotoka.

mpenda_gapi

Mbona mnajitesa na matope? Gapi unaweka dume 1 majike 3, mimea inayoelea, baada ya wiki 4 hivi una watoto wanaogelea.

fundi_kidimbwi

Ndugu, gapi anazaa hata ukimsahau. Swali hapa ni la mayai.

mchanga_laini (Mombasa)

Mimi siwashauri kokopiti kabisa ndani ya tangi. Tumieni mchanga, kokopiti ibaki kwa kuhifadhi tu.

Yai la guentheri lina kipenyo cha milimita 1 hivi. Chukua mchanga wa mto, siyo wa bahari (una vipande vya kombe, maji yanakuwa magumu), uchekeche kwa chujio la chai la matundu madogo na ubaki na ule uliopita. Uoshe, uchemshe. Weka sentimita 2 ndani ya kopo la plastiki la lita 1 au 2 lenye tundu la sentimita 5 kwenye mfuniko, jiwe ndani lisielee. Mfuniko una kazi mbili: dume akimkandamiza jike chini kutaga mchanga hausambai tangi zima, na mayai hayatawanyiki kwenye sakafu ambako wengine watayala.

Kila siku ya 4 au ya 5 toa kopo, mimina mchanga kwenye chujio lile lile ndani ya beseni la maji. Mchanga unapita, mayai yanabaki. Unayahesabu! Kwa kokopiti hujui kama mna mayai 20 au 200, unajua siku ya kulowesha. Ukiwa na idadi unajua jike yupi hazai na dume yupi hana mbegu.

Yapange juu ya kokopiti yenye unyevu ule wa chicha, ndani ya kisahani kipana chenye mfuniko wake, mayai 50 kwa kila kimoja, yasigusane. Wiki ya kwanza ondoa meupe kila siku kwa sindano. Kufa kwa sehemu fulani siku 3 za mwanzo ni kawaida, hayo hayakurutubishwa. Yakifa zaidi ya nusu tazama wazazi: dume mchanga au mzee mno, au wote hawajashiba.

Kushiba nako kuna namna yake. Tenga dume na majike siku 7, walishe mara 2 kwa siku chakula hai, kisha uwaunganishe asubuhi. Na madume 2 kwenye lita 40 ni vita. Mwache mmoja na majike 3, la sivyo muda mwingi wanakimbizana badala ya kutaga. Ila viluwiluwi, dada au kaka, ndoo yako ivunwe kila siku 3 na ifunikwe chandarua. Dar kuna dengi.

shanga_za_maji

Kaka, asanteni sana wote. Majibu: ndiyo, chini ya mfuniko kulikuwa na matone, na nikibana kokopiti maji yanatiririka kwenye vidole. Nilidhani unyevu mwingi ni salama zaidi.

Nimetoa mayai 60 nikayaangalia kwa lenzi. 22 yana macho yenye duara la dhahabu, 31 ni shanga, 7 meupe. Hayo 22 mbona hayakuanguliwa na yamekaa majini siku mbili? Na vifaranga 3 wazima niwape nini, nina mayai ya artemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) ila sijawahi kuyaangua.

fundi_kidimbwi

Hayo 22 yako kituo cha tatu, yanangoja ishara. Maji yako ya moto na yaliyotulia hayakuwapa. Usiyarudishe kabatini, kwa joto lako hayana muda. Yaweke kwenye chupa ndogo, maji nyuzi 18, jaza robo tatu, tia punje moja ya chakula kikavu kilichosagwa kabisa, funga. Bakteria wanaokula kile chakula wanapunguza oksijeni kidogo, na kupungua kwa oksijeni ndiko kunakomfanya kiinitete atoe kimeng'enya cha kuyeyusha ganda. Tazama kila nusu saa. Wa kwanza akitoka tu, mimina wote kwenye trei ya maji safi, baridi, kina sentimita 4. Ukiwasahau ndani ya chupa wanakosa hewa wanakufa, kwa hiyo fanya siku upo nyumbani.

Zile 31 zikaushe upya kwa kipimo cha chicha.

Na joto la wakubwa lishushe. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inatoa nyuzi 2 hadi 3, utaongeza maji yanayopotea. Guentheri anastarehe nyuzi 22 hadi 26. Kwenye 29 anakula sana, anazeeka haraka.

chumvi_ya_gongoni (Malindi)

Artemia acha nijibu mimi, huku ndiko kwao kwa sasa. Walipandikizwa kwenye mabwawa ya chumvi ya Malindi miaka ya 1980.

Chupa ya maji ya lita 1.5, ikate kitako, igeuze mdomo chini. Lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi ya mawe isiyo na madini joto. Ukiwa karibu na bahari chukua sehemu 3 za maji ya bahari na sehemu 1 ya maji yasiyo na chumvi, umemaliza. Mayai nusu kijiko cha chai yanatosha, wenye vifaranga 3 robo. Mpira wa pampu ya hewa ufike mpaka kwenye mdomo wa chupa chini, upulize kwa nguvu yasitulie hata moja. Taa juu. Kwa nyuzi 28 utavuna baada ya saa 24. Ukichelewa mpaka 36 wamekula akiba yao, lishe imepungua.

Kuvuna: zima hewa dakika 10. Maganda yanaelea, ambao hawakuanguliwa wanazama, wenyewe wanakusanyika rangi ya machungwa kwenye mwanga karibu na chini. Wafyonze kwa mpira mwembamba kupitia kitambaa cha kusuka karibu, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Usiruhusu maganda yaingie kwa vifaranga, yanawaziba utumbo.

Kifaranga wa guentheri anameza artemia siku ile ile ya kwanza, huhitaji infusoria (vijidudu vya majini vidogo mno). Mara 3 kwa siku, kidogo, mpaka matumbo yawe na rangi ya machungwa. Ndani ya maji yasiyo na chumvi artemia wanakufa baada ya saa kadhaa, kisha wanaoza, na amonia inayotoka humo inaua vifaranga wengi. Basi kila jioni fyonza mabaki, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji ya joto lile lile. Konokono wadogo 2 watakusaidia usiku. Sponji yenye povu la polepole iwekwe siku ya 4, kabla ya hapo inawachosha.

Wiki ya 2 watenge kwa ukubwa, mkubwa anamla mdogo bila aibu. Rangi za madume zinaanza wiki ya 4 hivi, na hapo ndipo majike wahamishwe.

usumba_na_mawimbi

Chumvi ni kwa vifaranga pia. Notho wanapata velveti (ugonjwa wa vimelea vya ngozi) haraka kuliko samaki wengi: mapezi yamebanwa, wanajisugua, na ukimulika tochi kwa ubavu gizani unaona vumbi la dhahabu mwilini. Gramu 1 kwa kila lita tangu siku ya kwanza, yaani gramu 40 kwenye tangi lako la wakubwa, iyeyushe pembeni kwanza. Vumbi likionekana tayari, panda taratibu hadi gramu 3 kwa lita kwa siku mbili, funika tangi lisipate mwanga, na kila ukibadilisha maji rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu. Yale yaliyopungua kwa jua na feni yaongezewe maji matupu, chumvi haikuondoka nayo.

shanga_za_maji

Chupa imefungwa saa 3 asubuhi, saa 4 na nusu wametoka wawili, nimewamimina wote kwenye trei. Mpaka sasa 17 wanaogelea juu, hakuna anayejiburuta. Mayai 3 yana macho bado hayajapasuka.

fundi_kidimbwi

Hayo 3 yape mpaka kesho asubuhi kwenye trei hiyo hiyo, kisha yaache. Artemia ya pili iwashe leo jioni, siyo kesho. Hao 17 na wale vifaranga 3 wa mwanzo watamaliza ya kwanza.